Costa Rica: Nchi iliyovunja jeshi na kugeuza kambi kuwa makavazi

JIJINI San José, mji mkuu wa Costa Rica, kuna jengo kuukuu la rangi ya manjano lenye minara pembeni, na kuta za minara hiyo zingali na matundu ya risasi. Wanafunzi na watalii huingia humo kutazama mipira mikubwa ya mawe iliyochongwa na wenyeji wa nchi hiyo karne nyingi kabla ya Wahispania kuwasili.

Leo hii jengo hilo ni Makavazi ya Kitaifa. Hadi mwaka 1948, lilikuwa kambi ya kijeshi iliyojulikana kama Bellavista.

Mnamo Desemba 1, 1948, kiongozi wa muda wa nchi hiyo, José Figueres Ferrer, alisimama mbele ya umati katika kambi hiyo, akashika nyundo na kuugonga ukuta wake mbele ya wapiga picha. Kitendo hicho kiliashiria kwamba jeshi la Costa Rica lilikuwa limevunjwa. Kambi ikatengewa elimu na makavazi, na kazi ya kulinda usalama ikaachiwa polisi.

Tangu siku hiyo, zaidi ya miaka 75 imepita na taifa hilo halijaunda jeshi jingine. Katika kipindi hicho, majirani wake wote wa Amerika ya Kati wanaozungumza Kihispania walipitia mapinduzi, udikteta au vita vya wenyewe kwa wenyewe. Costa Rica imebadilisha marais kwa kura pekee.

Costa Rica ni nchi ndogo. Ina ukubwa wa kilomita mraba 51,100, kiasi kwamba Kaunti ya Turkana pekee inaizidi. Kaskazini imepakana na Nicaragua na kusini mashariki na Panama. Mashariki inapigwa na mawimbi ya Bahari ya Karibea, ilhali upande wa magharibi kuna Bahari ya Pasifiki. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba ilikuwa na watu zaidi kidogo ya milioni 5.

Wengi wao huishi katika Bonde la Kati, uwanda ulioinuka mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari na kuzungukwa na milima ya volkeno. Udongo wake una rutuba na hali ya hewa haina joto la kukera. Volkeno zenyewe, hata hivyo, si za kufanyiwa mzaha. Irazú ilianza kulipuka mwaka 1963 na kulimwagia jiji kuu majivu kwa takriban miaka miwili. Arenal, iliyokuwa imetulia kwa muda mrefu hata watu wakaudhani kuwa mlima wa kawaida, ililipuka Julai 1968 na kuwaua watu zaidi ya 80.

Wananchi wa huko hupenda kujiita Watico. Jina hilo latokana na mazoea yao ya kuongeza kiambishi -tico mwishoni mwa maneno ya Kihispania ili kuonyesha udogo au mapenzi. Wana pia msemo, pura vida, ambao maana yake ya moja kwa moja ni maisha safi, lakini hutumika kuamkuana, kushukuru, kuagana na hata kumliwaza mtu aliyepatwa na hasara ndogo.

Pwani tajiri isiyo na dhahabu

Christopher Columbus alitia nanga katika pwani hiyo mwaka 1502, katika safari yake ya nne na ya mwisho. Wahispania waliwaona wenyeji wakiwa wamevaa mapambo ya dhahabu, na matumaini yao ndiyo yaliyozaa jina la nchi, kwani Costa Rica ni Pwani Tajiri.

Utajiri huo haukupatikana. Dhahabu ilikuwa haba. Wenyeji ambao wangelazimishwa kufanya kazi waliangamizwa na magonjwa, wakauawa au wakatorokea milimani. Mji wa Cartago, ulioanzishwa mwaka 1563, ulibaki kijiji cha mbali katika himaya kubwa, na mapema katika karne ya 18 sarafu ziliadimika hata ikabidi mbegu za kakao zitumike kama pesa.

Kwa muda mrefu Watico wamefundishwa shuleni kwamba umaskini huo ndio uliowafanya wawe sawa, kwamba ambapo kila mtu analima shamba lake hakuna bwana wala mtwana. Wanahistoria wa kisasa wanaipunguza hadithi hiyo. Kulikuwa na watumwa, wakiwemo Waafrika waliolimishwa mashamba ya kakao karibu na pwani ya Karibea, na kulikuwa na familia chache zilizorithishana vyeo. Hata hivyo, ni kweli kwamba Costa Rica haikuwa na wamiliki wa ardhi wenye nguvu kama wale wa Guatemala au El Salvador.

Hata uhuru uliifikia kwa kuchelewa. Viongozi waliokutana Guatemala walitangaza uhuru wa Amerika ya Kati kutoka kwa Uhispania mnamo Septemba 15, 1821. Habari hizo zilifika Costa Rica karibu mwezi mmoja baadaye, na Watico wakagundua kwamba walikuwa huru bila kupigana na yeyote.

Baada ya miaka michache katika shirikisho la mataifa ya eneo hilo, nchi hiyo ilijiondoa mwaka 1838 na kushika njia yake. Wakati huo ilikuwa imekwisha kupata kitu cha kuuza: kahawa.

Serikali iliwapa wakulima miche na ardhi. Magunia yalisafirishwa kwa magari ya kukokotwa na maksai hadi bandari ya Puntarenas katika Bahari ya Pasifiki, kisha kwa meli hadi Uingereza. Magari hayo, yaliyopakwa rangi za kuvutia, sasa ni alama ya taifa. Ardhi ilibaki mikononi mwa wakulima wadogo wengi, lakini viwanda vya kutayarisha kahawa na mikopo vilimilikiwa na wachache, na hao ndio waliopanga bei na kuamua nani awe rais. Mkulima wa kahawa wa Nyeri au Kirinyaga hatahitaji kuelezwa zaidi jinsi mambo hayo huenda.

Kahawa ndiyo iliyoleta barabara, magazeti na ukumbi wa kifahari wa Maonyesho ya Kitaifa uliofunguliwa San José mwaka 1897, ambao ujenzi wake ulianza kwa kodi iliyotozwa zao hilo. Nchi hiyo iliionea fahari kahawa yake kiasi kwamba mwaka 1989 ilipiga marufuku kilimo cha aina ya robusta ili ibaki na arabika pekee. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 2018.

Reli ya kufikisha kahawa pwani ya Karibea ilikuwa na gharama nyingine. Mmarekani Minor Keith alisimamia ujenzi wake katika misitu yenye malaria, na maelfu ya vibarua walifariki kabla ya kazi kukamilika mwaka 1890. Ili kupata pesa za kuendeleza ujenzi, Keith alipanda migomba kando ya reli. Biashara hiyo ya ndizi ilikua hadi ikawa sehemu ya kampuni ya United Fruit, iliyoundwa mwaka 1899 na baadaye kuzitawala serikali kadhaa za eneo hilo kama mali yake.

Vibarua wengi walitoka Jamaica. Wajukuu wao wangali katika mkoa wa Limón, ambapo Kiingereza cha Kikarebea husikika hadi leo na wali na maharagwe hupikwa kwa tui la nazi, mapishi ambayo mkazi wa Mombasa angeyatambua kwa harufu tu. Kwa miongo mingi watu hao hawakuhesabiwa kuwa raia. Ilipofika miaka ya 1930, mkataba kati ya serikali na kampuni ya ndizi uliharamisha kuwaajiri watu weusi katika mashamba mapya ya upande wa Pasifiki.

Ni katiba ya mwaka 1949 iliyowafungulia mlango wa uraia kamili. Mmoja wa wazawa wa jamii hiyo, Epsy Campbell Barr, alichaguliwa makamu wa rais mwaka 2018. Costa Rica ndiyo pia iliyoongoza juhudi zilizofanya Umoja wa Mataifa (UN) kutenga Agosti 31 kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye asili ya Afrika, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021.

Si nchi ya malaika

Msomaji asije akadhani kwamba Watico walizaliwa wakichukia bunduki. Shujaa wao mkuu ni mpiga ngoma wa jeshi, Juan Santamaría, aliyefariki Aprili 11, 1856 akiitia moto nyumba walimojificha wapiganaji wa Mmarekani William Walker katika mji wa Rivas, Nicaragua. Walker alikuwa ameiteka Nicaragua akitumia mamluki, na alinuia kueneza utumwa katika Amerika ya Kati. Rais Juan Rafael Mora alipeleka majeshi kumkabili. Wanajeshi walirudi nyumbani na ushindi na vilevile kipindupindu, kilichoua takriban mtu mmoja kati ya kila watu 10 nchini.

Mora mwenyewe alipinduliwa na kisha kuuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1860. Mnamo 1917, waziri wa vita, Federico Tinoco, alitwaa mamlaka na kutawala kwa mkono wa chuma hadi 1919 alipolazimika kutorokea Ulaya. Kwa hivyo, nchi hiyo ilijua vyema yale ambayo jeshi linaweza kufanya.

Hali iliyoleta mabadiliko ya 1948 ilianza na siasa za kawaida. Rais Rafael Ángel Calderón Guardia, aliyetawala kuanzia 1940 hadi 1944, alianzisha bima ya afya na sheria za kuwalinda wafanyakazi. Kwa kuwa matajiri walimkimbia, aliungana na chama cha Kikomunisti na kupata baraka za Askofu Mkuu wa San José, Víctor Sanabria. Muungano wa Wakomunisti na Kanisa Katoliki haukuwa kitu cha kawaida popote duniani.

Lakini serikali yake na ya mrithi wake zililaumiwa kwa ufisadi na wizi wa kura. Katika uchaguzi wa Februari 1948, mwanahabari Otilio Ulate alitangazwa kumshinda Calderón. Bunge, ambamo wafuasi wa Calderón walikuwa wengi, lilifuta matokeo hayo mnamo Machi 1.

Figueres, mkulima aliyewahi kufukuzwa nchini kwa kuikosoa serikali redioni, alikuwa amejiandaa kwa siku kama hiyo. Alianzisha vita kutoka shamba lake milimani kusini mwa San José. Mapigano yalidumu siku 44, na inakadiriwa kwamba watu 2,000 hivi walifariki. Kwa nchi ambayo wakati huo haikuwa hata na watu milioni moja, hilo lilikuwa pigo kubwa.

Aliyeshinda vita kwa bunduki ndiye aliyevunja jeshi. Kuna wanaosema alifanya hivyo kwa maono. Wengine wanaona ulikuwa ujanja: jeshi lililokuwepo lilikuwa dogo na dhaifu, lilikuwa limeshindwa naye, na kulivunja kulimwondolea hatari ya kupinduliwa. Maelezo yote mawili yaweza kuwa kweli. Waziri wake wa usalama, Edgar Cardona, ambaye hupewa sifa ya kulitoa wazo hilo, alijaribu yeye mwenyewe kuipindua serikali mnamo Aprili 1949 akashindwa.

Jambo ambalo halina utata ni kwamba Figueres alitawala kwa miezi 18, kisha akamkabidhi Ulate urais aliokuwa ameshinda kwa kura. Kabla ya kuondoka, serikali yake ya mpito ilitaifisha benki na kuacha katiba mpya iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura. Kifungu cha 12 cha katiba hiyo kinaharamisha jeshi la kudumu. Figueres alirudi madarakani baadaye, mara mbili, zote kwa kuchaguliwa.

Nani atailinda?

Swali hilo liliulizwa mapema. Hata kabla ya Desemba 1948 kuisha, wafuasi wa Calderón walivuka mpaka kutoka Nicaragua, iliyokuwa chini ya dikteta Anastasio Somoza, na kushambulia. Walirudi tena Januari 1955, safari hii wakiwa na ndege.

Ulinzi wa Costa Rica ulikuwa mkataba uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1947, ambapo mataifa ya Amerika yaliahidi kusaidiana mmoja wao akishambuliwa. Muungano wa mataifa hayo, OAS, ulituma wachunguzi. Marekani nayo iliiuzia Costa Rica ndege 4 za kivita kwa dola 1 kila moja, na mashambulizi yakasambaratika. Wakosoaji wana haki ya kusema kwamba taifa hilo halikuacha kutegemea silaha, bali liliegemea silaha za mwingine.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja miaka ya 1980. Nicaragua, El Salvador na Guatemala zilikuwa zikiteketea. Utawala wa Rais Ronald Reagan wa Marekani uliwafadhili waasi wa Contra waliopigana na serikali ya Sandinista ya Nicaragua, na baadhi yao walijificha kaskazini mwa Costa Rica. Uchumi ulikuwa umeporomoka, na nchi ilihitaji misaada ya Marekani mno. Rais Luis Alberto Monge alitangaza mwaka 1983 kwamba taifa lake halitaegemea upande wowote, ingawa uwanja wa siri wa ndege wa kuwasaidia waasi ulijengwa katika ardhi yake.

Mrithi wake, Óscar Arias, aliyechaguliwa mwaka 1986 kwa ahadi ya amani, aliamuru uwanja huo ufungwe. Kisha aliandika mpango wa kusitisha vita na kuwashawishi marais wenzake wa Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua. Walitia saini Agosti 7, 1987 jijini Guatemala, kinyume na matakwa ya Washington. Mwaka huo huo Arias alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Vita havikukoma mara moja; vya Guatemala vilimalizika 1996. Lakini njia ya mazungumzo ilikuwa imefunguliwa na mtu asiyekuwa na kikosi hata kimoja cha kutishia nacho.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Mto San Juan, ulio mpakani. Mwaka 2010 wanajeshi wa Nicaragua waliingia katika eneo la majimaji kwenye mlango wa mto huo na kuanza kuchimba mifereji. Costa Rica ilipeleka mawakili katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) jijini The Hague. Desemba 2015, mahakama iliamua kwamba ardhi hiyo ni ya Costa Rica, na mwaka 2018 ikaagiza ilipwe fidia ya karibu dola 379,000 kwa uharibifu wa mazingira. Fedha hizo ni kidogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuipa nchi fidia ya aina hiyo.

Pesa zilikwenda wapi

Nchi isiyonunua vifaru ina nafasi ya kufanya mengine, ingawa haina uhakika wa kuyafanya vyema. Costa Rica ilikuwa imeanza mapema: katiba yake ya mwaka 1869 ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima na ya bure, na mwaka 1882 ilifuta hukumu ya kifo. Baada ya 1948 juhudi hizo ziliongezwa kasi. Bima ya afya iliyoanzishwa na Calderón haikufutwa na mahasimu wake. Waliipanua hadi ikawafikia wananchi karibu wote. Leo Mtico anatarajiwa kuishi takriban miaka 80, umri unaokaribiana na wa raia wa Marekani, nchi yenye utajiri mkubwa zaidi.

Shirika la umma la umeme lilianzishwa 1949 na kuelekeza nguvu zake kwenye mabwawa, kisha mvuke wa ardhini na upepo. Kwa miaka mingi, zaidi ya asilimia 95 ya umeme wa nchi hiyo umetoka vyanzo visivyochoma mafuta. Udhaifu wake ni mvua. Ukame ulioletwa na El Nino ulipozidi, mwaka 2024 shirika hilo lilitangaza mpango wa kukata umeme kwa zamu, kabla mvua kunyesha na kuuokoa.

Kuhusu misitu, Costa Rica ilikosea kwanza. Kati ya miaka ya 1950 na 1980, ilikata miti kwa kasi ili kufuga ng'ombe wa nyama ya kuuza Marekani, hadi misitu ikabaki karibu robo ya nchi. Sheria ya mwaka 1996 ilikataza kugeuza msitu kuwa malisho au shamba, na kuanzia mwaka uliofuata mwenye ardhi alianza kulipwa kwa kuutunza. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka katika kodi ya mafuta ya magari. Bei ya nyama nayo ilikuwa imeshuka, kwa hivyo wafugaji hawakuwa na sababu kubwa ya kukataa. Sasa zaidi ya nusu ya nchi ina miti, na mwaka 2019 Shirika la Mazingira la UN (UNEP), lenye makao yake Gigiri, Nairobi, liliipa tuzo yake ya juu zaidi.

Si kila kitu ni kijani, kwani Costa Rica pia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa zaidi wa mananasi duniani, na vijiji kadhaa vilivyo karibu na mashamba hayo vimelalamikia maji yaliyochafuliwa na dawa za kuua wadudu.

Mashabiki wa kandanda huenda waliifahamu nchi hiyo kupitia Paulo Wanchope, aliyechezea Derby County, West Ham na Manchester City, au kipa Keylor Navas, aliyewahi kuchezea Real Madrid. Katika Kombe la Dunia la 2014, Costa Rica ilipangwa pamoja na Uruguay, Italia na Uingereza, mataifa yote matatu yaliyowahi kutwaa kombe hilo. Iliongoza kundi na kufika robo-fainali, ikabanduliwa na Uholanzi kwa mikwaju ya penalti bila kushindwa ndani ya muda wa mchezo.

Bunduki za aina nyingine

Katika mwaka 2023, watu zaidi ya 900 waliuawa nchini Costa Rica, idadi kubwa zaidi katika historia yake na takriban mauaji 17 kwa kila watu 100,000. Mwaka uliofuata idadi hiyo ilipungua kidogo tu. Wengi wa waliouawa ni vijana, na polisi wanasema mauaji mengi yanatokana na magenge ya mihadarati.

Chanzo ni mahali nchi ilipo. Kokeni inayotoka Colombia kuelekea Marekani na Ulaya hupita karibu na pwani zake zote mbili. Zamani ilipita tu. Baadaye walanguzi walianza kuwalipa wasaidizi wao kwa bidhaa yenyewe badala ya pesa, na magenge ya mitaani yakaanza kupigania soko la kuiuza. Bandari ya Moín iliyo Limón, ambayo husafirisha ndizi na mananasi hadi Ulaya, imetumika kuficha kokeni ndani ya makontena ya matunda.

Limón ndio mkoa wa watu wale wale waliojenga reli na kunyimwa uraia. Bado ni miongoni mwa mikoa maskini zaidi, na ndio unaozika vijana wengi zaidi kulingana na idadi ya watu wake.

Katika kampeni zake, Rodrigo Chaves, aliyechaguliwa rais mwaka 2022, aliahidi kuleta mageuzi, na akiwa mamlakani aliwalaumu majaji na wabunge kwa kuwalegezea kamba wahalifu. Wapinzani wake walimlaumu yeye kwa kupunguza fedha za elimu na polisi. Mnamo 2025 katiba ilirekebishwa ili kuruhusu raia kupelekwa kushtakiwa nchi za nje kwa ulanguzi wa mihadarati au ugaidi, jambo lililokuwa limekatazwa. Mwaka huo huo serikali ilitangaza mpango wa kujenga gereza kubwa kwa kuiga lile la El Salvador, ambako Rais Nayib Bukele amewafunga makumi ya maelfu ya watu chini ya sheria za hali ya hatari.

Hakuna chama kikubwa kilichopendekeza kurejesha jeshi. Wataalamu wengi wa usalama wa huko husema wanajeshi wasingefaa kitu dhidi ya kijana wa miaka 17 anayeuza kokeni katika mtaa aliozaliwa, na wanatoa mfano wa Mexico na Honduras, ambako wanajeshi walipelekwa mitaani na mauaji yakaendelea.

Mjadala mkali zaidi unahusu shule. Katiba inaitaka serikali itenge angalau asilimia 8 ya pato la taifa kwa elimu. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa, na katika miaka ya karibuni mgao umepungua hadi karibu asilimia 5. Wanafunzi na walimu wameandamana mara kadhaa San José kupinga hatua hiyo.

Mwaka 2020, bunge lilipitisha sheria ya kuifanya Desemba 1 kuwa siku ya mapumziko kote nchini kuadhimisha kuvunjwa kwa jeshi.